Tuadhimishe siku gani hapa Nakuru, na tuiadhimisheje?

Swali: Mwalimu, habari za siku nyingi. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama na vijana hapa Kaptembwo, Nakuru. Kanisa limekubali kutupa ukumbi siku moja kila mwaka ili tuadhimishe mambo ya amani na haki za binadamu. Tumekaa mara tatu na hatujaelewana. Vijana wanataka tarehe 10 Desemba kwa sababu ndiyo siku ya dunia nzima. Mzee mmoja anataka 28 Februari, siku Kibaki na Raila walipotia sahihi. Kuna mama aliyempoteza mumewe mwaka 2008, yeye anasema tusifukue, yaliyolala yaachwe yalale. Na kijana mmoja ameuliza swali lililonishinda: kuna haja gani ya kuadhimisha ahadi ambazo hazikutimizwa? Tusaidie.

Jibu: Katibu, dada yangu, asante kwa kuandika. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaiweka, kisha nikarudi kuisoma tena pale palipo na huyo mama. Niruhusu nianze na yeye, kwa sababu neno lake ni zito kuliko la sisi wengine wote.

Hakusema msikumbuke. Amesema msifukue, na maneno hayo mawili yako mbali. Yeye hahitaji ukumbi wala tarehe ili akumbuke; anakumbuka kila akitandika kitanda. Anachohofia ni kuketishwa mbele ya watu, wageni wamwonyeshe kifo cha mumewe kwa mara ya pili, kisha wapige makofi na kwenda kunywa soda.

Najua kwa sababu kosa hilo nilishiriki kulifanya. Januari 2008 nilikuwa nafundisha historia katika shule moja ya upili hapa mjini. Ghasia zilipotulia kidogo nilikwenda uwanja wa Afraha, ambako waliofurushwa makwao walikuwa wamepiga kambi, nikawatafuta wanafunzi wangu kwa majina. Nilikuwa nimebeba rejista ya Kidato cha Tatu. Wa kwanza nilimpata karibu na jukwaa, amevaa sweta ya shule na leso ya mamake kiunoni, anachota maji. Tulisalimiana kama watu waliokutana sokoni. Hakuna kati yetu aliyepata la kuongeza.

Miaka michache baadaye kikundi nilichokuwa nakisaidia kiliandaa siku ya kumbukumbu. Tukabandika ukutani picha za nyumba zilizoteketea, kubwa kubwa, tukidhani kusema ukweli ni kuonyesha kila kitu. Mama mmoja akaingia, akasimama mlangoni, akaitambua nyumba mojawapo. Akageuka, akatoka. Hakurudi siku hiyo wala mwaka uliofuata. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza kabla.

Kwa hiyo kabla ya kikao chenu cha nne, nenda kwa huyo mama peke yako. Usiende na kamati. Mwulize kama angependa kuwapo. Mwulize kama jina la mumewe lisomwe, na likisomwa, lisomwe na nani na kwa namna gani, maana kuna mtu aliyejulikana mtaani kwa jina la kazi yake au la mwanawe wa kwanza, na ukimtaja kwa jina la kitambulisho hata jirani hamtambui. Mwulize ni kitu gani asingetaka kukisikia. Akisema jina lisisomwe, lisisomwe. Akisema haji, mpelekeeni chakula nyumbani jioni hiyo, msimwulize lolote.

Sasa tuje kwenye tarehe.

Vijana wenu hawakukosea kuchagua 10 Desemba, ila wanastahili kujua wamechagua nini. Siku hiyo mwaka 1948, jijini Paris, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lenye vifungu 30. Nchi 48 zilikubali, 8 zikajizuia, hakuna iliyokataa. Umoja wenyewe ulikuwa na wanachama 58 tu. Kutoka bara letu zima walikuwamo wanne: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya Makaburu, ambayo ilikuwa miongoni mwa waliojizuia. Kenya haikuwa na kiti. Tulikuwa koloni, na aliyesema kwa niaba yetu ni Mwingereza.

Waambie vijana wafungue kifungu cha 2. Kinasema haki hizo ni za kila mtu bila ubaguzi, na hata hadhi ya nchi anayotoka isimbague, iwe nchi huru, iwe chini ya udhamini, iwe haijitawali yenyewe. Sentensi hiyo ilitutaja sisi bila kututaja jina. Na Uingereza iliipigia kura ya ndiyo. Katika miaka hiyohiyo, huko Olenguruone, ambako leo ni kaunti yetu hii ya Nakuru, serikali yake ya kikoloni ilikuwa ikiwaondoa kwa nguvu wakulima Wakikuyu ambao yenyewe ndiyo iliyowaweka pale mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kosa lao ni kukataa masharti yaliyowafanya wapangaji wa serikali badala ya wenye ardhi. Kufikia 1950 walikuwa wameondolewa, wengi wakapelekwa Yatta. Tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari nchini, na tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wakapigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Yote hayo yalitendwa na serikali iliyokuwa imekwisha kunyoosha mkono Paris.

Simulizi hii huwa naisoma na wanafunzi polepole sana, maana ndani yake kuna jibu la yule kijana wako. Nitalifikia.

Kwa akina mama wa kikundi kuna jambo moja dogo ninalolipenda. Rasimu ya Tamko ilianza kwa maneno ya Kiingereza yaliyotaja wanaume wote. Hansa Mehta wa India, mmoja wa wanawake wachache waliokuwa katika tume ya kuliandika, alishikilia kwamba maneno hayo yangesomwa jinsi yalivyoandikwa, wanawake waachwe nje. Yakabadilishwa. Kiswahili chetu hakikuhitaji ugomvi huo, kinasema tu: “Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa.” Mtu ni mtu. Lakini yule mama alipigania neno moja hadi likabadilika, na kikundi chenu kina sababu ya kumjua.

Shida ya 10 Desemba ni ya kalenda tu. Shule zimefungwa. Nusu ya Kaptembwo iko njiani kwenda ushago, na aliyebaki anasubiri Jamhuri siku mbili baadaye. Mtakuwa na ukumbi na viti, watu hawatakuwapo. Msiitupe siku hiyo: vijana waitumie kusoma Tamko lote wenyewe, wakiwa kumi au kumi na watano, bila wageni wala jukwaa. Vifungu 30 vinasomeka kwa sauti katika muda usiozidi nusu saa.

Mzee wenu na 28 Februari yake ana hoja kubwa zaidi, na ningependa kikundi kimsikilize hadi mwisho. Mwaka ule, baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nchi ilishika moto. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na waliokimbia makwao walikuwa mamia ya maelfu. Hapa Nakuru wiki ya mwisho ya Januari ndiyo iliyotuvunja. Kofi Annan alikuwa amekwisha kufika Nairobi tarehe 22 Januari, akiwa na Benjamin Mkapa wa Tanzania na Graça Machel wa Msumbiji. Waliotumwa kutupatanisha ni Waafrika wenzetu, chini ya Umoja wa Afrika, na sijui kwa nini hatulisemi hilo kwa sauti zaidi. Tarehe 28 Februari 2008, nje ya Harambee House, Mwai Kibaki na Raila Odinga wakatia sahihi mapatano ya kugawana madaraka, Annan na Rais Jakaya Kikwete wakiwa mashahidi. Mimi niliitazama kwenye televisheni ya kinyozi mmoja hapa mjini. Watu tulikuwa tumejaa hadi barabarani na hakuna aliyeshangilia. Walinyamaza, halafu mmoja mmoja wakaanza kupiga simu nyumbani.

Watu wengi wanakumbuka kutoka siku ile serikali ya nusu mkate na nani alipewa wizara gani. Ukimkumbuka Annan kwa hilo tu utakuwa umeliacha lililo kubwa. Mazungumzo yale yalikuwa na ajenda nne. Ya kwanza ni kuzima ghasia, ya pili ni kuwahudumia walioumia na kurudisha uelewano, ya tatu ni mzozo wa kisiasa wenyewe. Ya nne, ile ambayo kila Mkenya wa rika langu anaiita Ajenda Nne, iligusa mizizi: katiba, sheria na mahakama, ardhi, umaskini na ukosefu wa usawa, vijana wasio na kazi, na kukomesha mtindo wa wakubwa kutenda uovu bila kuwajibika. Katiba iliyopitishwa katika kura ya maoni ya 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo ilitoka kwenye shina hilo. Hilo lilitimia. Ardhi na kuwajibika ni habari nyingine: ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa rais Mei 2013 na mapendekezo yake mengi yamelala, na kesi zilizokwenda The Hague zilimalizika bila mtu kupatikana na hatia.

Ninachohofia kuhusu siku hiyo ni kwamba imefungwa kwenye majina mawili. Ukiandika tangazo la 28 Februari, kesho yake mtu atauliza kikundi chenu ni cha mrengo gani, na mwaka wa uchaguzi mtapata mgeni aliyekuja na spika zake. Mzee wenu akitaka ibaki, basi iwe siku ya kuisoma Ajenda Nne na kuuliza, kipengele baada ya kipengele, imefika wapi hapa mtaani kwetu. Picha za viongozi zisiwepo ukumbini.

Kuna karatasi nyingine ambayo haikupigwa picha nyingi na ambayo hapa kwetu imefanya kazi kubwa. Mwaka 2012 wazee wa Agikuyu na wa Wakalenjin wa kaunti hii, baada ya mazungumzo ya muda mrefu yaliyosaidiwa na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, walitia sahihi mapatano yao ya amani. Hawa ni watu waliokuwa wamezikana tangu 1992, huko Molo, Njoro na Olenguruone, kila uchaguzi ukija na moto wake. Uchaguzi wa 2013 ulipita Nakuru bila mauaji yale. Sisemi ni karatasi peke yake iliyozuia. Siasa nazo zilikuwa zimegeuka. Lakini niliwaona wazee wakipita kutoka kituo cha soko hadi kingine wakiwa wawiliwawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, na vijana waliokuwa wamezoea kusikia maneno ya chuki kutoka kwa wazee haohao wakabaki hawana wa kuwatuma.

Lakini siku ambayo ningewaomba mwifikirie haimo katika barua yako. Ni tarehe 26 Mei.

Nilikutana nayo nikitafuta kitu kingine. Nilikuwa naandaa somo kuhusu Sudan, nikaandika tarehe ubaoni, kisha nikakumbuka nilikuwa nimewahi kuiandika tarehe hiyohiyo kwa sababu tofauti kabisa. Naivasha ni kaunti yetu, kilomita 70 hivi kutoka hapa. Mji tunaoujua kwa maua, samaki na malori ndiko vita vya Sudan, vilivyoanza 1983 na kuua watu wanaokadiriwa kufika milioni 2, vilikopatiwa dawa. Kuanzia Septemba 2003 makamu wa rais wa Sudan, Ali Osman Taha, na kiongozi wa wapiganaji wa kusini, John Garang, walikutana pale ana kwa ana, chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake. Mpatanishi mkuu alikuwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo, Mkenya, mtu wa Bonde la Ufa. Tarehe 26 Mei 2004, palepale Naivasha, wakatia sahihi itifaki tatu: ya kugawana mamlaka, ya Abyei, na ya Kordofan Kusini na Blue Nile. Mkataba wote kwa jumla ukafungwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na kutokana nao watu wa kusini walipiga kura na kupata nchi yao tarehe 9 Julai 2011.

Miaka mitatu na miezi minane baada ya sahihi hizo, tarehe 27 Januari 2008, katika mji huohuo wa Naivasha, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja, watoto wakiwamo. Siwezi kuwasimulia vijana habari ya kwanza nikaiacha ya pili. Mji uliowapa wageni chumba cha kupatana haukuweza kuwalinda majirani wake wenyewe. Hapo ndipo ninapotaka kikundi chenu kikae na kutafakari bila haraka: Kenya tuna sifa ya kupatanisha watu wa nje, na sifa hiyo ni ya kweli, lakini ujuzi huo haukuwa umefika kwenye ploti tunakochota maji pamoja.

Tarehe 26 Mei ya pili ni ya mwaka 2017, na imeandikwa Arusha. Siku hiyo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu katika kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau. Oktoba 2009 walikuwa wamepewa notisi ya siku 30 waondoke msituni. Wakapeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika, na Tume ikaifikisha kesi mahakamani 2012. Mahakama ikasema serikali ya Kenya ilikiuka haki zao: ya ardhi, ya dini na utamaduni, ya kutobaguliwa, ya maendeleo. Serikali ilikuwa imeshikilia kwamba kuwaondoa ni kuuhifadhi msitu. Mahakama haikuona ushahidi kwamba wao ndio walioumaliza Mau. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi 157,850,000 na wapewe hati ya ardhi yao kwa pamoja.

Watu hawa si wa mbali. Wako Nessuit, wako Mariashoni, huko juu ya Njoro. Huenda asali mnayonunua sokoni imetoka kwao.

Mkataba uliotumika kuipima serikali ya Kenya katika kesi hiyo, yaani Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ulipitishwa wapi? Nairobi, Juni 1981, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika ambao Kenya ndiyo iliyouandaa. Mwaka mmoja baadaye Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria na watu wakawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Nadhani wengi wa wakuu waliokaa katika ukumbi ule waliona ni maneno mazuri ya kumalizia mkutano. Miaka 36 ikapita. Kisha warina asali wa Mau wakayachukua maneno yaleyale, wakayapeleka Arusha, na mahakama ikayasoma kama yalivyoandikwa.

Mwambie kijana wako hivi. Ameuliza kwa nini tuadhimishe ahadi ambazo hazikutimizwa. Mamake akimkopesha jirani elfu tano, waandikiane, jirani asilipe, je, karatasi ile ataichana? Ataikunja vizuri na kuiweka ndani ya Biblia au chini ya godoro, na kila mwezi ataitoa amwonyeshe mdaiwa. Siku ya kuadhimisha ndiyo siku ya kuitoa karatasi. Mwingereza aliinua mkono Paris halafu akajenga Hola; wazee wa Mau Mau wakamfuata hadi mahakama za London, na tarehe 6 Juni 2013 serikali yake ikakiri mateso yale bungeni na kukubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Wengi walikuwa wamekufa wakisubiri, na pesa zile zilikuwa kidogo. Lakini zililipwa kwa sababu kuna walioitunza karatasi kwa miaka zaidi ya 50.

Sitamficha pia kwamba kuna karatasi zilizoraruka. Sudan Kusini iliingia vitani na nafsi yake Desemba 2013. Sudan yenyewe imo vitani tangu 15 Aprili 2023. Novemba 2023, huko Sasimwani upande wa Narok, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena, hukumu ya Arusha ikiwa mkononi mwao. Kwa hiyo msitumie neno kusherehekea. Anayedai deni ambalo halijalipwa hasherehekei. Kuadhimisha kunatosha, na humo ndani pana nafasi ya furaha na ya machozi.

Siku nyingine za dunia nitazipitia haraka. Tarehe 21 Septemba ni Siku ya Amani, njema kwa watoto wa shule kwa sababu wako darasani. Tarehe 24 Oktoba ni ya Umoja wa Mataifa, na sisi tulijiunga nao tarehe 16 Desemba 1963, siku nne tu baada ya uhuru. Ndugu zetu wa Kisumu wana kesho yake, 25 Oktoba, ambayo mwaka 1969 wananchi walipigwa risasi, watoto miongoni mwao, wakati wa kufunguliwa hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Hospitali ipo na inatibu watu hadi leo, na wenyeji bado wanaiita Russia. Kama mna marafiki Kisumu, waulizeni wao huiadhimisha vipi. Nimejifunza mengi kwao kuhusu kuomboleza bila kulipiza.

Sasa namna ya kuifanya. Mei shule zimefunguliwa, watu wako mtaani, na 25 Mei ni Siku ya Afrika, kwa hiyo hata wakubwa watakuwa wanazungumzia umoja. Isipoangukia wikendi, fanyeni Jumamosi iliyo karibu.

Someni karatasi zenyewe. Hotuba ziwe chache au zisiwepo kabisa. Chagueni kurasa mbili au tatu: kifungu cha 1 na cha 2 cha Tamko, kipande cha Ajenda Nne, na muhtasari wa hukumu ya Waogiek ulioandikwa kwa Kiswahili cha kawaida. Kila kipande kisomwe na mtu ambaye hakutarajiwa kukisoma. Habari ya Olenguruone isomwe na Mkalenjin. Ya Waogiek isomwe na Mkikuyu au Mluhya. Ya nyumba ya Naivasha, kama wenyewe watakubali isomwe, isisomwe na Mjaluo pekee yake, awe na jirani wa kabila lingine kando yake. Mtu akisoma machungu ya mwenzake kwa mdomo wake mwenyewe, humwona akipunguza mwendo katikati ya sentensi.

Mtu yeyote asiseme “ninyi” na “sisi” akisimulia ghasia. Aseme alichokiona, mahali alipokuwa, saa ngapi. Anayetaka kusema nani alifanya nini, hiyo ni kazi ya polisi na mahakama, na ukumbi wa kanisa hauwezi kuifanya vizuri. Mkiona mtu ameanza kutetemeka, mwenyekiti asimkatize. Mama mmoja aende akae karibu naye. Watoto wadogo wawe na shughuli yao nje wakati wa kusoma majina.

Alikeni mzee mmoja au mama mmoja kutoka Nessuit. Mlipieni nauli kabla hajaiuliza, na mwacheni azungumze kwa lugha yake, atafsiriwe. Wanasiasa wakitaka kuja, waje kama wakazi, wakae walipo wengine, wasipewe kipaza sauti. Hilo liamueni sasa na liandikwe katika kumbukumbu za kikao, maana siku yenyewe mtaona haya kukataa.

Kwa kuwa mkutano ni wa hadhara, mpelekee mkuu wa kituo cha polisi barua ya taarifa. Sheria inataka apate taarifa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Mjulisheni chifu na wazee wa nyumba kumi pia. Andikeni saa ya kuanza na ya kumaliza, na mzishike.

Chakula kipikwe na watu waliochanganyika, kwenye sufuria moja. Siku ile niliyoifanya vibaya tulinunua chakula kilichofungwa kwenye visahani, kila mtu akala na kuondoka. Mwaka uliofuata akina mama walipika githeri na ugali kwa omena nyuma ya ukumbi, na kwenye kumenya viazi palisemwa mambo ambayo mbele ya watu yasingesemwa.

Nunueni daftari moja nene. Kila mwaka katibu aandike nani alikuja, kipi kilisomwa, na katika zile ahadi kipi kimetimia na kipi bado, kwa mambo ya hapa: shamba la fulani limepata hati au la, vijana wangapi wa kikundi wana kazi, barabara ipi bado inaogopwa usiku wa uchaguzi. Mwaka unaofuata mkianza, someni ukurasa wa mwaka jana kwanza.

Nakala ya Kiswahili ya Tamko ninayo, na muhtasari wa hukumu ya Arusha niliuandika kwa ajili ya darasa langu, ukurasa mmoja na nusu. Nitavitoa chapa, nakala 20 za kila kimoja. Nitajie Jumamosi moja nizilete Kaptembwo mwenyewe, ila iwe baada ya wewe kumwona yule mama.